Kupiga Linux Kwenye Laptopu ya Mtumba: Majibu kwa Mnaouliza

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, ninaulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti. Mwalimu wa sekondari, mwenye steshenari, mwanafunzi wa chuo: wote wana laptopu ya mtumba inayofanya kazi vizuri tu, na wote wameambiwa na mashine yenyewe kwamba haina vigezo vya Windows 11. Waiuze? Waiache hivyo hivyo? Au hiyo Linux inayosemwasemwa ndiyo dawa?

Jibu fupi ni hili: kama mashine ina RAM ya GB 4 au zaidi, na kazi zako ni kuandika, kuperuzi, barua pepe, mikutano ya mtandaoni na filamu, weka Linux, na unaweza kuiweka mwenyewe bila fundi. Jibu refu ndilo linalofuata, maana wengi wanaokwama wanakwamia kwenye maandalizi, kabla hata Linux yenyewe haijaingia.

## Soma jina la prosesa, acha maneno ya muuzaji

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa wenzetu wa Nairobi, zilikuwa za maofisini huko nje: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine ngumu, zilizoundwa zifunguliwe na kutengenezwa, na kwa Linux ni katika zile bora kabisa. Kinachoziponza ni umri. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana zilizoruhusiwa. Kizazi unakisoma kwenye namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha sita; i5-8350U ni cha nane. Ndiyo maana EliteBook 840 G3 imekataliwa, na ThinkPad T470 nayo kwa kawaida imekataliwa, huku T480, ambayo kwa macho ni pacha wake, kwa kawaida ikipita. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5" akaishia hapo, bado hajakwambia kitu.

Kama ndiyo kwanza unanunua, kabla hujatoa hela:

- Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, mbele ya muuzaji. Ikidai nywila asiyoijua, mrudishie. Kwenye mashine za ofisini nywila hiyo haitoki kwa kuchomoa betri, hata kama fundi wa jirani anaapa.
- Humo humo, kwenye menyu ya usalama, angalia kama ulinzi wa Computrace au Absolute umewashwa. Ukiwa umewashwa, huenda mwenye mali wa kwanza bado ana mkono wake humo.
- Chomoa chaja, iache iwake na betri peke yake unapoendelea kupatana bei.
- Uliza RAM imekaa wapi. Nyingine imechomelewa kwenye ubao, na huwezi kuiongeza milele.

## Wasiotakiwa kuhama

Hapa sitazunguka. Usihame kabisa kama mkate wako unategemea programu ya Windows isiyo na mbadala: QuickBooks ya mezani, AutoCAD, Photoshop, au jedwali la Excel la ofisini lililojaa makro. Najua mtaniambia kuna Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Ipo, na kwa baadhi inafanya kazi vizuri ajabu, lakini hesabu za duka la mtu usizilaze juu yake.

Mwenye printa au skana ya zamani naye asubiri kidogo. HP nyingi zinakubali bila shida. Baadhi ya Canon za leza zinataka dreva ya kutafutwa na kuwekwa kwa mkono, na zipo skana ambazo hazitakubali kamwe. Utaratibu wa kujua kabla hujafuta kitu nitaueleza mbele.

Kwa waliobaki Windows 10 kwa lazima, Microsoft wameweka nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Unajiandikisha ndani ya Windows Update yenyewe. Hiyo ni nafuu ya kukupa muda wa kupanga, basi.

"Lakini fundi kasema anaipiga Windows 11 kwa nguvu, inakubali." Ni kweli, inawezekana kuruka vigezo. Ila Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na Windows nyingi zinazopigwa mitaani zimechakachuliwa: ndani yake kuna kile kijiprogramu cha kuiamilisha bila leseni, ambacho sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi. Mtu anayekwambia uzime kinga ili programu yake ipite, mwenyewe tafakari.

## Hela ya kwanza iende kwenye SSD

Laptopu ikiwa nzito, watu hukimbilia kuongeza RAM. Ukiwa tayari una GB 4, mimi hela yangu ya kwanza naipeleka kwenye SSD, diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka ndiyo inayokufanya uwashe mashine, ukachemshe chai, urudi bado inafungua. Ukiiondoa na kuweka SSD ya GB 240 au 256, laptopu ya mwaka 2013 inaanza kuitika. Baada ya hapo ndipo uje kwenye RAM.

Mawili ya kuangalia dukani. La kwanza, SSD ndogo ya umbo la kijiti, ile ya M.2, ina aina mbili, SATA na NVMe, na tundu linaloingiza moja si lazima likubali nyingine. Nenda na namba ya modeli yako, usiende na neno "ya kijiti". La pili, RAM ya DDR3 na DDR3L zinafanana kwa umbo lakini umeme wake tofauti, volti 1.5 na 1.35. Mashine za kizazi cha nne na cha tano cha Intel mara nyingi zinadai DDR3L. Ukiipa DDR3 ya kawaida inawaka skrini nyeusi, nawe unadhani umeua ubao.

Diski ya zamani usiitupe wala usiiuze. Iweke kwenye kabati kama ilivyo, na Windows yake na faili zake zote. Mwenye diski hiyo hawezi kupotelewa na kitu siku ya kuhama, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

## Linux ipi?

Linux Mint. Hapa watu hupoteza wiki nzima wakilinganisha, kila mwenye ujuzi akisifia yake. Linux yenyewe, yaani kiini alichoanza kukiandika Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, ni moja. Yaliyojengwa juu yake ni mamia. Mint inafanana na Windows kiasi cha kutosha mtu asipotee: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Mint 22 itahudumiwa hadi mwaka 2029. RAM ya GB 8, chukua toleo la Cinnamon. GB 4 au mashine iliyochoka, chukua Xfce. Mwenye prosesa kongwe ya biti 32 hii Mint haitamfaa, na kwa ukweli mashine yake imeshafika mwisho wa kazi za mtandaoni.

Kuna wanaoniuliza kama ipo ya Kiswahili. LibreOffice, ambayo Mint inakuja nayo kwa ajili ya barua na majedwali, ina menyu za Kiswahili. Kazi hiyo haikuanza jana: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, babu yake huyu.

## Nakala kwanza, na uifungue

Kila mtu anasema amehifadhi nakala. Akiulizwa ameifungua kwenye kompyuta nyingine, kimya. Faili ambayo hujaifungua mahali pengine hesabu kwamba huna.

Sehemu zinazosahaulika kila mara:

- Kilichotapakaa kwenye uso wa skrini, na kwenye folda ya Downloads.
- Nywila zilizotunzwa kwenye kivinjari. Kama hujui nywila ya barua pepe yako kwa sababu kompyuta ndiyo inayoikumbuka, ibadilishe leo ungali ndani.
- Faili za PST kwa wanaotumia Outlook. Barua zote za miaka ziko ndani ya faili moja, nayo haiko kwenye folda ya Documents kwa kila mtu.
- Fonti ulizonunua au kupakua, hasa wenye steshenari na wachora kadi za harusi.
- Ufunguo wa BitLocker. Huu una tarakimu 48. Windows inaweza kuwa imeifunga diski bila wewe kujua, na ukishika mipangilio ya BIOS inaweza kukudai ufunguo huo papo hapo. Zima ufungaji huo kwanza, subiri umalize, ndipo uendelee.

Kama utaacha Windows ikae pamoja na Linux, zima pia kile kinachoitwa Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme. Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki sawasawa, na Linux itakuruhusu kusoma faili zako za Windows bila kuziandika.

## Flashi, na flashi feki

Unahitaji flashi ya GB 8 tu. Ogopa zile za "1TB" kwa bei ya chipsi kuku. Zimeandikwa ukubwa ambao hazina: mwanzo zinapokea faili vizuri, kisha nafasi halisi ikijaa zinaendelea kuonyesha kwamba zinanakili. Majina ya faili utayaona, ukubwa wake utauona, ila ukifungua hakuna kitu. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena, na inakutajia ukubwa wa kweli. Ipime flashi yoyote unayotaka kuwekea nakala, hata uliyonunua dukani kwenye kioo.

Faili la Mint ni karibu GB 3. Lipakue usiku kama mtandao wako una bando la usiku, kwa programu inayoweza kuendelea palipokatikia. Zamani tulikuwa na raha: Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, walikuwa wakituma CD za bure hadi kwenye sanduku lako la posta. Walisitisha mwaka 2011, na tangu hapo ni bando lako.

Likishaingia, lihakiki. Mint wanachapisha namba ndefu ya utambulisho wa kila faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda lilipo, andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako badala ya linuxmint.iso. Namba ikifanana na yao, endelea. Ikitofautiana hata herufi moja, lipakue upya. Wengi huruka hatua hii kisha hulaumu mashine kwa usakinishaji uliokatikia njiani.

Kosa la kila siku: kulinakili faili la ISO kwenye flashi kama wimbo. Haitawaka. Tumia Rufus au balenaEtcher iliandike inavyotakiwa, na ujue kwamba flashi hiyo itafutwa yote.

## Iwashe kwa flashi, ujaribu kabla ya kufuta

Chomeka flashi, washa, na ubonyeze mfululizo kitufe cha kuchagua pa kuwakia:

- HP: Esc, kisha F9
- Dell, Toshiba na ThinkPad: F12
- Asus: Esc
- Acer: F12, lakini mara nyingi lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS kwa F2
- Lenovo IdeaPad nyingi: kitundu kidogo pembeni, kinabonyezwa kwa pini mashine ikiwa imezimwa

Secure Boot iache ilivyo, Mint inaikubali. Izime tu kama flashi imekataliwa.

Mint itafunguka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, hiyo ni kasi ya flashi. Sasa hapa ndipo nataka ukae. Jaribu Wi-Fi. Cheza wimbo. Fungua kamera. Bonyeza vitufe vyote vya kibodi. Chomeka printa yako uchapishe ukurasa. Ifunge laptopu ilale, kisha ifungue uone kama inaamka. Chomeka modemu unayotumia. Kinachokubali hapa kwa kawaida kitakubali baadaye. Kinachokataa hapa kitafutie jibu kabla hujafuta Windows.

Wi-Fi ikigoma, hasa kwenye mashine zenye chipu ya Broadcom, usikate tamaa. Iunganishe simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, na laptopu itaiona kama waya wa mtandao. Ukishasakinisha, fungua Driver Manager na ikubali dreva itakayokupendekezea.

## Sasa ipige

Umeme kwanza. Betri ya laptopu ya mtumba ikiwa imekufa, umeme ukikatika katikati ya kuandika diski utaanza upya, na kama uligawa diski na Windows unaweza kupoteza pande zote mbili. Kama eneo lenu lina mgao, chukua UPS ya jirani au nenda mahali penye jenereta. Dakika thelathini hivi zinatosha kwenye SSD.

Utaulizwa uiweke wapi. Mwenye diski mpya achague "Erase disk and install Linux Mint", amalize. Anayetaka mifumo miwili achague "Install alongside", lakini nafasi aipunguze mapema akiwa ndani ya Windows, kwenye Disk Management, akiacha angalau GB 50 tupu. Njia ya tatu, "Something else", ni ya wanaojua wanachofanya. Ukiwa na shaka nayo, iache.

Diski isipoonekana kabisa, uwezekano mkubwa BIOS imeiweka kwenye hali ya RAID au Intel RST. Linux inataka AHCI. Mwenye kufuta Windows abadilishe tu. Mwenye kubaki na Windows asibadilishe ghafla, maana Windows itagoma kuwaka. Aiandae kwanza iwake kwenye Safe Mode.

Nywila utakayoweka hapa iandike kwenye daftari. Utaulizwa kila unapoweka programu.

## Siku ya kwanza

Fungua Update Manager, na ujue masasisho ya kwanza yatakula bando la kutosha, kwa hiyo usiyaanze na salio la simu. Kisha washa Timeshift. Inapiga picha ya mfumo mzima, na siku ukiharibu mipangilio inakurudisha pale ulipokuwa. Haihifadhi nyaraka zako, usije ukasema hukuambiwa.

Ukifungua barua ya Word ukaona mistari imehama, tatizo ni fonti. Times New Roman na Arial haziko. Zipo Liberation Serif na Liberation Sans, ambazo upana wa herufi zake umepimwa kulingana na hizo. Zinatosha kwa barua nyingi. Unayemtumia mtu CV, itume kwa PDF.

Kwa wenye mifumo miwili, kuna moja linalowashangaza sana: saa. Ni saa nane mchana, unaingia Windows, inakuambia saa tano asubuhi. Saa haijaharibika. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za UTC, Windows huisoma kama saa za hapa, na sisi Afrika Mashariki tumeitangulia UTC kwa saa tatu kamili. Ndani ya Linux fungua terminali, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Saa ikirudi miaka nyuma kila ukizima, hiyo ni habari nyingine: kibetri cha ndani kimekwisha. Mara nyingi ni CR2032, kama cha kwenye ufunguo wa gari, ila kwenye laptopu kimeshikizwa waya mwembamba na kufungwa plastiki. Nunua chenye waya wake, usikubali fundi achomelee waya juu ya betri. Dalili yake ya kwanza huwa tovuti zote kukataa kufunguka zikisema muunganisho si salama, na mtu anakwenda kubadilisha modemu bure.

Na hili nalisisitiza: usibandike amri kwenye terminali kwa sababu tu mtu ameiandika mahali. Hasa yoyote inayoanza na sudo na ndani yake kuna rm au dd. Ya kwanza inafuta, ya pili inaandika juu ya diski nzima, na hakuna itakayokuuliza mara mbili.

## Kabla hujaniuliza

Wengi wananiandikia "Linux imegoma, nifanyeje?" Hapo sina pa kuanzia. Niandikie modeli kamili iliyo kwenye kibandiko chini ya laptopu, jina la prosesa, ukubwa wa RAM, toleo la Mint, na hatua uliyokuwa unafanya. Maneno ya kosa yapige picha kwa simu yalivyo, usiyafupishe. Nywila yako usinitumie, sihitaji, na yeyote anayekuomba usimpe.